Saa nane usiku: ombi la hifadhi lililosubiri zaidi ya miaka 5, na ushahidi uliobaki Tanga ukichakaa

Kabla ya kisa

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzangu wa mkoa wa Tanga, na kwa familia zenye mtu wao aliyeomba hifadhi nje ya nchi. Mhusika ameridhia kiandikwe, na mama yake pia. Majina, kijiji, wilaya na mji anakoishi sasa nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyageuza ili asitambulike. Tarehe za maamuzi ya serikali ya Uingereza, alikoomba hifadhi, nimeziacha zilivyo, kwa sababu bila hizo msomaji hawezi kuona jinsi foleni ilivyokwenda. Mhusika nitamwita Bwana K.

Jambo moja lilinisukuma kuandika. Tumezoea kufikiri kwamba anayesubiri ni yule aliyeko ughaibuni, na sisi huku kazi yetu ni kumwombea dua. Katika kisa hiki ombi lilikaribia kufa kwa mambo yaliyotokea Tanga, mwombaji akiwa hana habari nayo.

Usuli

Bwana K. ni mtu mwenye ualbino, mzaliwa wa kijiji kimoja cha mkoa huu. Wengi hudhani mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino ni habari ya Kanda ya Ziwa peke yake. Ni kweli kwamba mengi yametokea huko, lakini hofu haina mpaka wa mkoa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitaja zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa nchini tangu mwaka 2000, na mwaka huohuo serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli chonganishi.

Usiku mmoja wa mwaka 2018, saa nane, watu wawili walivunja mlango wa uani wa nyumba ya mjomba wake alikokuwa amelala. Aliinua mkono kujikinga na panga likamkata kati ya kiwiko na kiganja. Mjomba akapiga mayowe. Wa kwanza kufika alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee wa makamo, na tochi mkononi. Washambuliaji wakakimbilia shambani. Alfajiri wakaenda polisi, wakapewa namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya mtu aliyeumizwa, kisha kituo cha afya wakamshona nyuzi 11. Hakuna aliyekamatwa.

Akahamia Tanga mjini, chumba cha kupanga Ngamiani. Akaoa. Mwaka 2019 mwenye nyumba, mama mtu mzima, alimweleza kwamba wanaume wawili asiowajua wamekuja mara mbili kuuliza: "Yule mzungu wako wa humu ndani hurudi saa ngapi?" Hakulala tena pale. Novemba mwaka huo alipata nafasi ya mafunzo ya wiki chache Uingereza. Akaondoka akiacha mke na mtoto wa miezi minne. Januari 2020 akaomba hifadhi.

Foleni aliyoikuta

Alipofika, utaratibu wa Uingereza ulikuwa umeshaanza kulemewa. Lengo la zamani la kutoa uamuzi wa kwanza ndani ya miezi 6 lilikuwa limeachwa mwaka 2019. Machi 2020 ikaja korona, na mahojiano ya ana kwa ana yakasimama kwa miezi. Maafisa wa kuamua maombi walikuwa wakiacha kazi kabla hawajaizoea, na tangu 2021 ikaongezeka hatua ya kuchunguza kama mwombaji angestahili kuomba katika nchi nyingine aliyopitia. Maombi yakarundikana. Kufikia Juni 2023 watu zaidi ya 175,000 walikuwa wakisubiri uamuzi wa kwanza.

Desemba 2022 waziri mkuu wa wakati huo aliahidi kumaliza, ifikapo mwisho wa 2023, maombi yote yaliyowasilishwa kabla ya tarehe 28 Juni 2022. Yalikuwa zaidi ya 92,000, na la Bwana K. lilikuwa mojawapo. Ahadi hiyo ilibadili mwendo. Foleni iliyokuwa imelala ikaanza kukimbia, na faili likikimbizwa, mwombaji asiyejiandaa huachwa nyuma au hukanyagwa.

Wakati huo wote aliishi kwa posho ya serikali, pauni 37 na ushei kwa wiki mwanzoni, 49 na ushei kuanzia 2024. Mwombaji huruhusiwa kuomba kibali cha kazi baada ya miezi 12, tena kwa kazi zilizomo kwenye orodha maalumu tu. Yeye macho yake hayaoni mbali, na kazi zilizokuwa wazi hazikumfaa. Alihamishwa nyumba mara nne.

Sisi wa Tanga kusubiri huku si jambo geni kwetu. Wazigua waliokimbia vita ya Somalia mapema miaka ya 1990, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii, walipokewa Handeni, baadaye wakapelekwa makazi ya Chogo. Takriban 3,000 walikubaliwa kupewa uraia, na hilo lilichukua miaka mingi. Nimewahi kukaa na wazee wa huko. Wanachokikumbuka zaidi ni karatasi: nani alikuwa nayo, nani ilimpotea njiani.

Mfuatano wa mambo

Mahojiano ya awali yalifanyika mapema 2020. Wakili wa kwanza, aliyelipwa kwa msaada wa kisheria wa huko, alimwambia asubiri barua. Bwana K. akasubiri. Alikuwa na picha ya PF3 kwenye simu, namba ya RB kichwani, na kovu mkononi. Alidhani vinatosha, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Tanga nako kukanyamaza. Mama yake aliogopa majirani wasijue mwanawe yuko wapi. Huku mtaani mtu akiomba hifadhi husemwa "amejilipua", na neno hilo hubeba dharau: kwamba umeikana nchi, au umetunga uongo. Mama hakutaka mwanawe aitwe hivyo, kwa hiyo hakwenda kijijini kumwuliza mtu chochote.

Mwaka 2021 balozi wa nyumba kumi alifariki. Mwaka 2022 kituo cha afya kilihamia jengo jipya, na madaftari ya zamani ya wagonjwa yakatiwa kwenye viroba. Mwaka huohuo mwenye nyumba wa Ngamiani akauza nyumba na kuhama mjini. Laini ya simu ya mama ikafungwa kwa kukaa bila kutumika, akachukua nyingine. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoonekana kuwa tukio la kesi. Ndiyo maisha yanavyokwenda. Nilipokuja kuyapanga kwenye karatasi baadaye ndipo nikaona kwamba nguzo nne za ushahidi zilianguka ndani ya miaka miwili, huku faili kule Uingereza halijafunguliwa.

Huko nako wakili wa kwanza aliacha kazi za msaada wa kisheria mwaka 2022. Bwana K. alikaa miezi kadhaa bila mwakilishi.

Machi 2023 barua ya kumtaka athibitishe kwamba bado anataka hifadhi ilipelekwa kwenye anwani yake ya zamani. Yeye alikuwa amehamishiwa hotelini tangu Januari. Hakujibu barua asiyoiona, na ombi likahesabiwa kuwa ameliondoa mwenyewe. Alijua siku kadi yake ya posho ilipokataa dukani, mkononi ana mkate na maziwa. Hakuwa peke yake: katika mwaka mmoja ulioishia Septemba 2023, maombi zaidi ya 17,000 yaliondolewa au kuhesabiwa kuwa yameondolewa, na wengi wa wenyewe serikali haikuweza kusema wako wapi.

Kilichomwokoa ni tabia yake. Kila alipohamishwa aliandika baruapepe kwenda idara husika kutaja anwani mpya, na akahifadhi picha ya kila aliyoituma. Wakili mpya, aliyempata Mei 2023, alizitumia hizo. Baada ya wiki 7 ombi likarudishwa foleni.

Ni wakati huo mama alipokuja ofisini kwetu. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, akawapisha wengine wote. Nilipomsalimia alisema, "Mwanangu, mimi sina kesi. Nina karatasi tu." Akafungua khanga, ndani ya khanga mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni kivuli cha PF3 kilichokuwa kimefifia hata mhuri haukusomeka.

Tulichokusanya, na jinsi tulivyokikusanya

Nilikwenda kijijini na mama mara tatu.

Kituo cha afya hatukufanikiwa. Nesi alitufungulia viroba kwa moyo mweupe, tukapekua siku nzima, na daftari la mwaka 2018 halikuwemo. Polisi niliandika barua kuomba uthibitisho wa namba ya RB. Jibu lilikuja baada ya zaidi ya miezi 6, limechelewa lakini limenyooka: taarifa ilipokelewa, tarehe ni hiyo.

Kwa marehemu balozi tulipokewa na mwanawe. Niliuliza kama mzee aliacha maandishi yoyote. Akaingia ndani, akarudi na daftari kubwa la kaunta lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda. Pembe moja imeliwa na mchwa. Mzee alikuwa akiandika kila kitu: mgeni aliyelala kwa fulani, mbuzi aliyepotea, msiba, mchango wa shule. Kwa kalamu ya bluu, herufi zimelala upande mmoja, tukasoma habari ya usiku ule wa tukio: "Saa nane usiku mayowe. Nimefika. Mkono wa kulia umekatwa panga. Wamekimbia." Chini yake, mstari unaofuata, ni habari ya kuku walioibwa siku mbili baadaye.

Mama alilisoma kwa kidole, hakusema kitu.

Mwenye nyumba ilituchukua wiki 5 kumpata. Tulimfuata kwa kuulizana: fundi cherehani aliyekuwa mpangaji wake, kisha dada wa fundi, hadi Pangani. Alikuwa na hofu, na nilimwelewa. Alikubali kutoa kiapo kwa sharti kwamba jina la mtaa wake mpya lisiandikwe.

Hapa nilikosea. Nilikiandika kiapo kwa mtindo wa ofisi, nikiwa na maelezo ya Bwana K. mezani. Yakatoka maneno kama "watu wasiojulikana wenye nia ovu". Yule mama hasemi hivyo. Aliweka dole gumba, tukapeleka.

Mahojiano, kukataliwa, na saa nane

Mahojiano makuu yalifanyika Agosti 2023, miaka 3 na miezi 7 baada ya kuomba. Mkalimani alikuwa kwenye simu. Bwana K. alisema walivamiwa saa nane usiku. Katika kumbukumbu ya mahojiano ikaandikwa saa ya Kiingereza namba 8 usiku, yaani saa mbili yetu, wakati watu wanakula chakula cha jioni. Hakusomewa kumbukumbu ile mwishoni, naye hakujua kwamba anayo haki ya kuomba nakala na kuisahihisha mapema.

Desemba 2023, wiki ambazo maombi ya zamani yalikuwa yakimalizwa mbiombio, akakataliwa. Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, kwa saa za Kiingereza, yeye amesema saa 8 za usiku, ilhali tafsiri ya daftari inasema saa 2 za usiku wa manane. Mtu aliyeshambuliwa kweli asingekosea kwa saa 6. Pili, kiapo cha mwenye nyumba kinafanana na maneno ya mwombaji mwenyewe, kwa hiyo hakina uzito. Tatu, hata kama alishambuliwa kijijini, angeweza kuhamia mji mwingine wa Tanzania na kuishi salama.

Wakili aliponisomea sababu ya kwanza kwa simu, nilimwomba arudie. Tofauti ya saa 6 kamili! Mswahili yeyote angeona papo hapo. Siku yetu huhesabiwa kuanzia jua linapochomoza, saa moja asubuhi ni ya saba kwao, na saa nane usiku ni ya pili. Mfasiri wa daftari alilijua hilo akageuza saa. Mkalimani wa simu alitafsiri namba tu. Watu wawili walifanya kazi moja kwa njia mbili, na mzigo wa tofauti yao akabebeshwa mwenye kovu.

Maamuzi na sababu zake

Rufaa iliwekwa ndani ya siku 14 zinazoruhusiwa. Kuanzia hapo tulifanya maamuzi manne yenye uzito.

La kwanza lilikuwa la Bwana K. mwenyewe, tena la mapema kuliko yote. Alipofika tu, baadhi ya wenyeji wake walimshauri ajiite Mburundi au Msomali, kwamba foleni ya Mtanzania haina mwisho na mlangoni hukataliwa. Akakataa. Aliniambia: "Kaka, nikishaficha kwetu, balozi atanishuhudia mimi nani?" Angekubali, daftari lile lisingekuwa na faida yoyote.

La pili, tulipeleka daftari lenyewe, si picha. Tuliogopa lisipotee njiani, na mwana wa marehemu alisita, maana ni kumbukumbu ya baba yake. Tulilipiga picha kurasa zote kwanza, naye akaapa kwamba anatambua mwandiko. Sababu ya kupeleka asili ni ule mstari wa kuku. Mtu anaweza kughushi ukurasa mmoja, lakini miaka minne ya mbuzi, misiba na michango ya shule, kwa wino uliofifia kwa viwango tofauti, hakuna anayeighushi.

La tatu, nilirudi Pangani na kumwomba mwenye nyumba aeleze upya. Safari hii niliweka simu irekodi, nikanyamaza. Akaeleza alikuwa akichambua mchele uani, akaeleza mmoja wa wale watu alivaa kofia ya pamba kwenye joto lile, akaeleza neno lenyewe, "mzungu wako". Tuliandika kama alivyosema. Kiapo hiki cha pili ndicho kilichojibu sababu ya tatu ya kukataliwa, kwa maana mji wa kuhamia alikuwa ameshauhamia, na walimfuata hukohuko.

La nne lilikuwa la wakili: mfasiri mwenye sifa aeleze kwa maandishi hesabu ya saa za Kiswahili, kwa ukurasa mmoja tu, bila mbwembwe.

Kulikuwa na jambo la tano ambalo nilitaka kulifanya nikazuiwa, na nilizuiwa kwa haki. Nilitaka kuwaandikia barua viongozi kadhaa wa kata kuomba watie saini maelezo. Wakili akasema kila mtu wa ziada anayejua ni hatari kwa mke na mtoto walioko huku. Wenzangu, tulizingatie hili. Bwana K. aliwakimbia wahalifu, hakuikimbia serikali, ndiyo maana tuliweza kubisha hodi polisi. Kama mtu wenu amekimbia dola au viongozi, msiguse ofisi yoyote kabla wakili wake hajasema. Kuuliza tu kwaweza kumfichua.

Matokeo

Foleni ya maamuzi ya kwanza ilipopunguzwa, watu hawakutoweka. Walihamia foleni ya rufaa, ambayo mwishoni mwa 2024 ilikuwa na kesi za hifadhi zaidi ya 40,000. Rufaa ya Bwana K. ilisikilizwa mwaka 2025, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuwekwa, na Julai akashinda. Jaji alikubali maelezo ya saa, akalipa daftari uzito mkubwa, na akasema kiapo cha pili cha mwenye nyumba kina sauti ya mtu aliyekuwepo. Agosti alipewa hadhi ya ukimbizi kwa miaka 5.

Mtoto aliyeachwa na miezi minne alikuwa ametimiza miaka 6. Humwita "baba wa simu".

Uchambuzi

Swali ambalo nimejiuliza sana ni hili: kama uamuzi ungetolewa ndani ya miezi 6, nini kingekuwa tofauti? Balozi angekuwa hai. Madaftari ya kituo cha afya yangekuwa kabatini. Mwenye nyumba angekuwa Ngamiani. Mwombaji angehojiwa akikumbuka mpangilio wa usiku ule bila ukungu wa miaka. Ucheleweshaji haukuwa muda mtupu uliopita kabla ya haki. Ulikuwa ukila ushahidi, halafu mwombaji akaulizwa mbona ushahidi wako ni haba.

Kwa upande mmoja tu kuchelewa kulimsaidia, nalo ni jambo la kuhuzunisha. Mwaka 2023 ilikuwa rahisi kusema mashambulizi yamepungua nchini. Katikati ya 2024 mtoto mwenye ualbino, wa umri wa kama miaka miwili na nusu, aliibwa na kuuawa Muleba mkoani Kagera, na taifa zima likalia. Taarifa hizo ziliingia kwenye faili la rufaa. Naona ni wajibu kulisema, kwa sababu anayeandaa kesi ya muda mrefu lazima aendelee kufuatilia hali ya nchi mwaka hadi mwaka. Hali iliyoandikwa siku ya kuomba siyo itakayosomwa siku ya kusikilizwa.

Kilichofanya kazi kwa uhakika ni zile baruapepe za anwani. Ni jambo dogo, halihitaji wakili, na lilimtoa kaburini. Kila mwombaji ninayezungumza naye sasa namwambia: umehama leo, andika leo, piga picha ulichoandika.

Kilichoshindwa kabisa ni ukimya wa miaka mitatu ya kwanza. Simlaumu mama. Neno "kujilipua" limeziba midomo ya familia nyingi kuliko sheria yoyote. Lakini sisi wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetutambua, hatujawahi kulichukua jambo hili kuwa letu. Tunashughulika na mirathi, ndoa, mashamba. Mtu akisema mwanawe ameomba hifadhi nje, tunamwambia hiyo ni kazi ya wakili wa huko. Wakili wa huko hawezi kwenda kwa mwana wa balozi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijibu hivyo.

Ningepewa kisa hiki mwezi wa kwanza, ningefanya hivi. Ningeenda kwa balozi akiwa hai, nikamwachia aeleze kwa maneno yake, akaapa mbele ya kamishna wa viapo. Ningeomba kituo cha afya kitoe nakala ya ukurasa husika na kuipiga mhuri siku hiyohiyo. PF3 ningeipiga picha nzuri kabla haijafifia. Ningeandika namba za simu za mashahidi pamoja na za jamaa zao wawili wawili, maana laini hufungwa na watu huhama. Na ningeketi na Bwana K. kwenye simu, tukapitia saa zote za maelezo yake, kila moja ikitajwa kwa namna mbili: saa nane usiku, saa mbili baada ya kupita katikati ya usiku. Hiyo ni kazi ya siku 10 hivi. Sisi tuliifanya kwa zaidi ya mwaka, na nusu yake haikuwezekana tena.

Kuhusu kiapo changu cha kwanza sina utetezi. Nilidhani lugha ya ofisi inampa mama yule heshima. Ilimwondolea sauti, na ilikaribia kumgharimu mtu maisha. Tangu hapo sisogezi kalamu kabla shahidi hajamaliza kusema.

Foleni ya pili

Tarehe 1 Septemba 2025 Uingereza ilitangaza kwamba itasimamisha maombi mapya ya wakimbizi kuwaita wake, waume na watoto wao. Kusimamishwa kukaanza tarehe 4 alasiri. Wakili alinipigia tarehe 2.

Safari hii bahasha ilikuwa tayari. Wakati tukisubiri rufaa, mke wa Bwana K. alikuwa ameshachukua cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, picha za harusi, na risiti za vijisenti alivyokuwa akitumiwa, zimepangwa kwa mwaka. Hatukuwa tumechukua cheti cha kupimwa kifua kikuu, kwa sababu hudumu miezi 6 tu na tusingejua tuhesabu kuanzia lini. Tulikaa mtandaoni usiku wa tarehe 2 hadi karibu saa tisa, mtoto amelala kwenye mkeka pembeni ya meza, umeme ukakatika mara moja. Ombi liliingia tarehe 3.

Daftari la balozi limerudishwa kwa mwanawe. Ombi la mke na mtoto linasubiri. Kila Ijumaa mama hupita ofisini kuuliza, nami humwonyesha ujumbe uleule kwenye simu: limepokelewa.